Umeme Unaoishia Sebuleni

Fundi wa umeme huuliza swali lake kubwa mara moja tu katika maisha ya nyumba, na aghalabu humkuta mwenye nyumba hajajiandaa. Kuta zimesimama, mabati yameshapigwa, plasta bado. Fundi ameshika patasi na nyundo, mabomba ya kupitishia nyaya yako chini, naye anauliza: soketi ziwe wapi? Katika nyumba za mawe zinazochipuka sasa vijijini Mkongani, na kwingineko katika kaunti ya Kwale hadi Msambweni, jibu hutolewa kwa kidole. Sebuleni tatu, maana pana televisheni, redio na feni. Kila chumba moja, ya kuchajia simu. Jikoni moja, kama jiko limo ndani ya nyumba. Kama liko nje chini ya makuti, hakuna hata moja. Plasta ikapigwa, rangi ikapakwa, watu wakahamia kwa dua na pilau. Pesa za vyombo zikipatikana, miezi kadhaa baadaye, mwenye nyumba huvuka kwenda Mombasa au huishia Ukunda, akachagua friji kwa rangi na blenda kwa bei, kisha akarudi navyo na kukuta ukuta ulishamwamulia siku ile ya kidole. Friji itakaa sebuleni kama mgeni, na blenda itafuata waya wa nyongeza unaopita chini ya mlango.

Hoja ninayoitetea ni kwamba vyombo vya nyumba mpya ni sehemu ya ujenzi, sawa na saruji na mbao za paa. Orodha yake iandikwe kabla ya plasta, ianzie kwenye upishi, na kalamu ishikwe na anayepika. Sensa ya 2019 inatuonyesha kwa nini. Asilimia 50.4 ya familia nchini Kenya zilikuwa zikiwasha taa kwa umeme wa gridi, lakini zilizotaja umeme kuwa nishati yao kuu ya kupikia hazikufika hata asilimia moja: zilikuwa 0.9. Kuni ziliongoza kwa asilimia 55.1, gesi ikafuata kwa 23.9, makaa 11.6. Tangu mpango wa Last Mile wa kuunganishia nyumba umeme uanze mwaka wa 2015 na ada ya kuunganishiwa kushushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nguzo zimefika mahali ambapo wazee hawakudhani zingefika. Ila stima hiyo huingia kwa mlango wa mbele, huwasha taa, huwasha televisheni, na hapo safari yake huisha. Kule nyuma moshi unaendelea kama ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, na wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto walio karibu na mafiga.

Kinachowatisha watu wasipikie umeme ni tokeni za kuulipia. Kila anayeambiwa apike kwa stima hujibu kwamba uniti zitakwisha kabla sufuria haijachemka. Hofu hii ina msingi, lakini imeelekezwa kwa chombo kisicho na hatia. Tangu Aprili 2023 bei ya umeme wa nyumbani imegawanywa madaraja matatu: anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi, anayetumia zaidi ya 30 hadi 100, na anayepita 100. Wakati huo bei ya msingi, kabla ya kodi na ada, iliwekwa shilingi 12.22 kwa daraja la kwanza, 16.30 kwa la pili na 20.97 kwa la tatu. Sasa chukua friji ya kawaida inayokula uniti moja kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 30. Friji peke yake, bila taa hata moja kuwashwa, imeshalimaliza daraja la bei nafuu. Kwa hivyo uamuzi wa kununua friji ni uamuzi wa kuhama daraja, na anayenunua ajue hivyo mapema ili asije akailaumu kampuni ya umeme kwa wizi usiokuwepo. Chukua sasa friji ya mitumba iliyochoka, zile zinazoshushwa Mombasa na kusifiwa kwamba zimetoka Uingereza, tuseme inakula uniti mbili kwa siku. Nikikadiria uniti moja kwa shilingi 28 pamoja na kodi, tofauti ya hizo friji mbili ni shilingi 840 kwa mwezi, zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Mnunuzi aliyeokoa 10,000 dukani amezirudisha zote kabla ya Ramadhani ya pili. Kanuni za nishati za 2016 zinataka friji inayouzwa Kenya iwe na lebo ya nyota, kutoka moja hadi tano, na nyota nyingi maana yake ni ulaji mdogo. Ni karatasi ndogo ambayo muuzaji hataitaja usipouliza. Iulizeni. Na ukubwa nao upimwe kwa kinachowekwa ndani: familia inayonunua samaki wa leo kwa mlo wa leo haihitaji friji ya milango miwili ya kuhifadhia chupa za maji.

Kwa upande mwingine kuna chombo ambacho hakuna anayekiogopa, nacho ndicho mlaji mkuu: shawa ya umeme. Kichwa cha shawa cha wati 5,400 kikitumika dakika kumi hula uniti 0.9. Watu watano wakioga kwa maji ya moto mara moja kwa siku ni uniti nne na nusu. Kwa mwezi ni 135, na nyumba imerushwa hadi daraja la juu kabisa kwa ajili ya kuoga. Hapa ni pwani. Tangi jeusi la plastiki lililokaa juani kutwa hutoa maji ya vuguvugu jioni bila senti. Milima ya Shimba ina ubaridi wake asubuhi za Julai, nakubali, na mzee au mtoto mchanga ana haki ya maji ya moto. Birika moja la umeme linatosha kwa hao. Shawa hii imetoka kwenye nyumba za kupangisha za Nairobi, ambako ina maana, ikaingia katika michoro yetu kwa kuigwa tu. Maikrowevu nayo ni hivyohivyo. Nyumba inayopika chakula kipya mchana na usiku itaitumia kupasha chai, kisha itaifunika kitambaa cha kufuma na kuweka ua juu yake.

Chombo ninachosema kiwe cha kwanza katika orodha ni sufuria ya presha ya umeme. Wengi wameiona katika maonyesho ya Pika na Power, kampeni ya Kenya Power ya kuwahimiza wateja wapike kwa stima, lakini wachache wameielewa. Ile ya lita sita huwa na wati 1,000 hivi, yaani inavuta ampea nne tu katika soketi ya ampea 13. Siri yake iko katika mambo mawili. Mvuke ukibanwa ndani, maji huchemka katika joto linalopita digrii 100, kwa hiyo maharagwe yanayokaa motoni saa mbili na nusu huiva kwa chini ya saa moja. Tena kuta zake zimekingwa zisipoteze joto, kwa hiyo ikishafika kwenye presha hujizima na kujiwasha, haiendelei kuvuta wati 1,000 muda wote kama ile sahani ya koili nyekundu iliyowafanya watu wachukie kupika kwa stima. Sufuria ya maharagwe au mbaazi huweza kuiva kwa chini ya nusu uniti. Tuseme 0.4, ambayo kwa makadirio yangu ya shilingi 28 ni shilingi 11 na kitu. Pika vyakula viwili vizito kila siku mwezi mzima, utakuwa umetumia uniti 24. Jumlisha friji 30, ongeza 15 au 20 za taa, televisheni, feni na pasi: nyumba iko karibu na 70, ndani ya daraja la kati, na ina nafasi. Anayesema stima haiwezi kupika Mkongani na alinganishe hesabu hii na bei ya makaa kwa jirani yake.

Karibu na sufuria hiyo niweke blenda, nami najua hapa nagusa heshima ya mbuzi wa kukunia nazi. Nazi ndiyo mwanzo wa nusu ya mapishi yetu: wali, mbaazi, mchicha, samaki wa kupaka. Kuikuna ni kazi ya mgongo na mapaja, kila siku, mara mbili. Blenda ya wati 400 ikizunguka dakika tatu na nyama ya nazi iliyokatwa vipande na maji ya vuguvugu hula uniti 0.02, thamani ya senti hamsini hivi. Kifumbu kinabaki palepale, tui zito na tui jepesi vinatenganishwa vilevile. Ila blenda ichaguliwe kwa jagi la glasi au plastiki nzito, na kisu ambacho spea yake inapatikana, kwa sababu nyama ya nazi kavu humaliza visu kuliko juisi ya embe. Hilo muuzaji wa Ukunda analijua kabisa, ila husubiri uulize.

Mpinzani wa kwanza atasema sima haisongwi ndani ya sufuria ya presha. Kweli kabisa, wala chapati haichomwi humo, wala mahamri hayakaangwi. Ndiyo maana orodha ya jikoni ina gesi pia, mtungi wa kilo sita na meko yake, kwa kazi zinazotaka moto unaoonekana. Chombo kimoja hakikusudiwi kumaliza kazi zote. Kinachotakiwa ni kuondoa motoni vile vyakula vinavyokaa saa nyingi, ambavyo ndivyo vinavyomaliza gesi na kuni. Mtungi ambao ulikuwa ukichemsha maharagwe, ukibaki na sima na chapati peke yake, utadumu zaidi. Mpinzani wa pili atasema kuni ni bure. Makumbi na vifuu vya nazi vya shambani kweli havina bei, na sioni sababu ya kuvitupa. Lakini kuni za kupikia mwaka mzima hazitoki katika minazi sita. Mkongani imepakana na misitu: hifadhi ya Shimba Hills iliyotangazwa mwaka wa 1968, na misitu ya Mkongani Kaskazini na Mkongani Magharibi. Huko kuna ndovu, kuna askari wa msitu, na kuna mwendo wa kwenda na kurudi na mzigo kichwani. Kitu kinachomgharimu mtu asubuhi yake nzima kina bei, ila bei hiyo hulipwa na asiyeulizwa. Na wale wanaotetea ladha ya moshi, sigombani nao. Samaki wa kuchoma abaki kwenye makaa, na sufuria za harusi zibaki kwenye mafiga makubwa uani, kwa sababu hakuna chombo cha lita sita kitakacholisha ukoo. Maharagwe ya Jumanne ndiyo ninayoyazungumzia.

Pingamizi lenye uzito kuliko hayo ni stima yenyewe. Usiku wa 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizama gizani, na Desemba ya mwaka huohuo ikawa hivyo tena. Rais William Ruto mwenyewe amekiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hupunguziwa umeme jioni, kati ya saa kumi na moja na saa nne usiku, saa ambazo kila jiko linawaka. Vijijini kuna shida nyingine isiyotangazwa: transfoma moja inalisha nyumba nyingi, na zilizo mwisho wa laini hupata umeme dhaifu saa za jioni, taa zikafifia na kompresa ya friji ikanguruma bila kushika. Nani aweke chakula cha watoto wake mikononi mwa umeme kama huo? Jibu langu ni kwamba hitilafu hizi zinabadilisha saa ya kupika, hazibadilishi chombo. Maharagwe hayana lazima ya kuchemshwa saa moja usiku. Yakipikwa saa tano asubuhi, wakati laini ina nguvu, yatabaki ya moto ndani ya sufuria ileile kwa saa kadhaa, na jioni ni kuunga kwa nazi juu ya gesi. Kama stima imepotea siku nzima, gesi ipo. Friji nayo, mlango ukiachwa umefungwa, huhifadhi ubaridi kama saa nne. Kinachoiua ni umeme unaporudi kwa kishindo, na dawa yake ni kile kiboksi kinachochomekwa kati ya plagi na soketi, ambacho hungoja umeme utulie dakika chache kabla ya kuupitisha. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kompresa. Kingine kinachoua friji mpya ni safari: hulazwa juu ya bodaboda au mkokoteni kutoka Likoni, ikifika huchomekwa papo hapo ili majirani waione ikiwaka. Iachwe imesimama saa kadhaa kwanza, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Turudi ukutani, kwa fundi na patasi yake. Jikoni paombewe soketi pacha tatu, juu ya meza ya kufanyia kazi, mbali na sinki, kwa nyaya za milimita mbili na nusu. Nyaya za milimita moja na nusu ni za taa, na fundi anayezitumia kwa soketi ili abakishe chenji anaandaa moto. Friji ipewe soketi yake isiyogawanywa. Anayesisitiza shawa ya umeme ajue kwamba wati 5,400 ni ampea 22 na nusu, kwa hiyo inataka waya mnene wa milimita sita na swichi yake kutoka kwenye boksi kuu; kuichomeka kwenye soketi ya kawaida ni kuchezea roho za watu. Fundi mwenyewe awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na aioneshe kabla ya kugonga ukuta. Jambo ambalo michoro ya nyumba hulisahau kabisa ni jiko la nje. Watu wetu hawakuweka jiko nje kwa ujinga. Joto la pwani na moshi wa kuni vililihitaji hilo, na hata moshi ukiisha, joto halitaisha. Kwa hiyo badala ya kumlazimisha mama apike ndani ya chumba chenye dirisha moja kwa sababu mchoro ulitoka mjini, jengeni baraza ya nyuma yenye paa la uhakika, ukuta wa nusu, meza ya saruji na soketi zenye vifuniko vya kuzuia mvua. Sufuria ya presha haijali kama imewekwa ndani au barazani, mradi isinyeshewe.

Mashine ya kufua nimeiacha nyuma kwa sababu swali lake ni la maji. Ile inayojiendesha yenyewe hutaka bomba lenye msukumo, na nyumba inayotegemea mitungi au tangi lililo chini haina msukumo huo. Ile ya mapipa mawili hujazwa kwa ndoo, ikafua, na maji ya kusuuzia yakamwagiwa mchicha. Asiyeinua tangi lake juu ya mnara anunue hii ya pili, au asubiri.

Sasa suala la kalamu. Katika nyumba nyingi anayelipa ndiye anayechagua, na anayelipa yuko Mombasa, Diani au ng'ambo, na akilini mwake nyumba ni sebule atakayopokelea wageni. Sioni ubaya wa sebule nzuri. Lakini kuna jambo moja Kwale ambalo linanishangaza. Mabinti wengi wa pwani wamefanya kazi za nyumbani Saudia, Oman na Imarati. Wameendesha majiko ya umeme, mashine za kufua, friza na sufuria za presha miaka miwili, mitatu, mara nyingine kwa jasho lisilolipwa ipasavyo. Wanajua kipi huharibika haraka, kipi husafishika, kipi ni urembo. Pesa zao ndizo zilizonunua mawe na mabati. Kisha nyumba inajengwa hapa, fundi anauliza soketi ziwe wapi, na aliyepigiwa simu ni kaka. Ukaguzi wa bei nafuu kuliko wote katika ujenzi ni kumtumia huyo binti picha ya kuta kabla ya plasta na kumwambia achore anapotaka kusimama akipika.

Lipo pingamizi la mwisho, la wale ambao pesa ziliwaishia kwenye linta. Wanauliza: mbona nipange friji na blenda wakati sijui milango nitaipata wapi? Hao ndio hasa ninaowaandikia. Anayejenga kwa awamu atanunua vyombo kwa awamu, kimoja mwaka huu, kingine baada ya korosho, na kila kimoja kitakuta ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Bomba la plastiki la kupitishia waya na boksi tupu la soketi ni vitu vya bei ndogo vikizikwa ukutani kabla ya plasta. Waya wenyewe unaweza kuvutwa miaka miwili baadaye, siku sufuria itakapofika. Kuupasua ukuta baadaye ni patasi, vumbi, mafundi wawili, saruji na rangi ambayo haitafanana tena na ile ya kwanza. Wengi hushindwa na gharama hiyo, wakanunua waya wa nyongeza wa shilingi mia tatu, ukachomekwa sebuleni nyuma ya televisheni, ukapitishwa chini ya mlango hadi uani.